Juma Moja Maseno, Chuo Kikiwa Kimefungwa

Likizo ya Aprili ina njia zake zilizozoeleka hapa mwambao. Wenye jamaa Lamu huenda Lamu, wenye nafasi huvuka kwenda Unguja, na wengi wetu hubaki nyumbani tukapokea wageni. Mwaka huu sisi tulielekea bara, tena bara ya mbali, hadi Maseno, mji mdogo wa chuo ulio kaskazini-magharibi ya Kisumu, yapata kilomita 25 katika barabara kuu iendayo Busia. Na tulikwenda wakati ambao hakuna aendaye huko, kwani chuo kilikuwa kimefunga na wanafunzi walikuwa wamekwenda makwao.

Haikuwa safari ya matembezi, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Binti yetu yuko mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Maseno, akisomea afya ya jamii. Hatukumchagulia sisi, mgao wa serikali wa nafasi za vyuo ndio uliompeleka huko. Kila likizo alikuwa akirudi Mombasa. Mara hii akasema atabaki, kwa kuwa baada ya wiki mbili angeanza mafunzo ya kazi katika kituo cha afya huko Awasi, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa nyingi. Maneno yalikuwa na maana, lakini masikio ya jamaa hayakuyapokea hivyo. Mtoto wa kike, peke yake, katika mji uliohamwa? Shangazi zake wakasema ahamishwe chuo, aletwe Kilifi au hapa hapa Mombasa. Majirani, Mungu awalipe kheri, hawakusema kitu mbele yetu. Mwishowe ikaamuliwa twende tukajionee, na mjomba wake akapewa ruhusa ya kurudi naye ikiwa tutakayoyaona hayataturidhisha.

Basi tulikuwa watano: bibi yake, mama yake, mama yake mdogo, mjomba aliyekuwa mahramu wetu, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 11. Basi letu liliondoka Mombasa mchana, likaingia Nairobi usiku, na kabla ya mapambazuko likawa linateremka kutoka vilima vya chai vya Kericho kwenda uwanda wa Kano. Dereva alikuwa amekubali kusimama dakika kumi kwa ajili ya swala. Aliposimama, tuliuliza hapa ni wapi, tukaambiwa ni Awasi.

Usiku, Awasi ni mstari wa maduka yaliyofungwa pande mbili za barabara, taa ya kituo cha petroli, na sauti za vyura kutoka mashambani. Hewa ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Mlinzi wa kituo, mtu wa makamo aliyevaa koti zito, alituona tukitafuta bomba. Hakutuuliza neno. Alituletea maji katika jerikeni, akafagia sehemu ya sakafu ya saruji, akasimama pembeni kama anayelinda wageni wake. Mama mdogo akamwambia "Ero kamano," shukrani ya Kijaluo aliyojifunza njiani, na mzee akacheka. Tulitazama ratiba ya swala, ile karatasi ya msikiti wa mtaani iliyobandikwa jikoni kwetu ambayo tuliipiga picha kabla ya kuondoka. Kwa mujibu wake, Alfajiri ilikuwa imeingia kitambo kidogo. Mjomba akatuswalisha. Tulipotoa salamu, Bibi aliinua uso, akasema: "Mbona nyota ni nyingi hivi?" Dereva alikuwa akipiga honi. Hakuna aliyemjibu.

Maseno ilitupokea kwa baridi. Binti yetu alikuwa amesimama kituoni katika buibui lake jeusi, na juu yake sweta ya kijivu ambayo hatukuijua. Tulimkagua kama tukaguavyo wanawake: uso, mikono, namna anavyotembea. Alikuwa mzima. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwenye kupangisha, safi, kina dirisha moja linalotazama miti ya mikaratusi, na sakafuni ulitandikwa mkeka wa swala. Hapo ndipo Bibi alipopata la kumhofisha. Mkeka ulikuwa umepindishwa. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini sawasawa, na kila mtoto alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Huu ulikuwa umeegemea upande wa mashariki. Bibi aliinama, akaunyoosha. Binti akangoja anyanyuke, kisha kwa adabu akaurudisha ulipokuwa.

"Huku ndiko, Bibi," akasema. "Makka iko karibu kaskazini mwa Mombasa moja kwa moja. Lakini sisi hapa tumesogea magharibi, kwa hivyo twageukia mashariki kidogo, yapata digrii 13."

Neno "sisi" lilitugusa kila mmoja, ingawa hatukulitaja.

Akatumiminia chai, kisha akauliza tuliswalia wapi Alfajiri. Tukasema Awasi. Saa ngapi? Saa kumi na moja na dakika kumi, akajibu mdogo wake, ambaye hupenda kuitazama saa. Binti akanyamaza. Tena akasema polepole kwamba hapa siku hizi Alfajiri huingia kiasi cha saa kumi na moja na dakika ishirini, na zaidi. Tulikuwa tumeswali usiku. Swala iliyotangulia wakati wake haisihi, jambo hilo halina mjadala, kwa hivyo tuliondoka mmoja mmoja kwenda kutawadha, tukaswali upya juu ya mkeka ule uliopinda.

Bibi alikuwa wa mwisho kumaliza. Alikaa na tasbihi yake kisha akauliza swali ambalo wengine tulikuwa tukilikwepa: "Na Ramadhani?"

Yataka maelezo. Tangu binti huyu aende chuoni, kila siku ya Ramadhani mama yake amekuwa akimpigia simu jioni. Husimama barazani, akaielekeza simu upande wa msikiti ili mtoto aisikie adhana ya mtaani kwao, kisha humwambia: "Haya, futuru mwanangu." Ramadhani tatu. Tuliona ni mapenzi, na wengine tulimsifu kwa hilo. Na kumbe jua la Maseno, wakati ule, lilikuwa bado juu.

Binti alitazama kikombe chake. Akasema siku ya kwanza ya Ramadhani ya kwanza alikula tende moja. Mwenzake wa chumbani, msichana wa Mumias, alimshika mkono akampeleka nje kumwonyesha jua lingaliko juu ya miti. Siku hiyo ameilipa. Nyingine zote alikuwa akipokea simu, akisema "Naam, mama," na kuishika tende mkononi mpaka wakati wake ufike.

"Mbona hukuniambia?" akauliza mama yake.

"Ulikuwa ukifurahi, mama. Na mimi nilikuwa napenda kuisikia adhana ya kwetu."

Mjomba alitoka nje akasema anakwenda kutafuta maziwa.

Tunaliandika hili kwa sababu tunajua nyumba nyingi zina mtoto bara na zina desturi kama hii ya simu. Mdogo wake ndiye aliyetupigia hesabu siku ya pili, tulipokwenda kuona kibao cha ikweta kilichoko kando ya barabara, hapo hapo Maseno. Alisimama mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, akatufundisha kama mwalimu wake alivyomfundisha. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hivyo kila digrii moja ni dakika nne. Mombasa iko karibu digrii 40 mashariki, Maseno iko 34 na nusu. Tofauti ni digrii tano na kitu, nazo ni dakika ishirini na kitu. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua halikuwekwa na serikali. Kwa hesabu hiyo hiyo Nairobi hufuturu yapata dakika 11 baada ya Mombasa, Eldoret yapata 17, na Kampala, ambayo saa zake ni sawa na zetu, karibu nusu saa. Dakika hizo hupungua na kuongezeka kidogo kwa majira. Tulimpigia sheikh wetu pia, akasema kama tulivyotarajia katika madhehebu yetu ya Shafii: aliyefuturu akidhani jua limetua, kisha ikambainikia halijatua, hana dhambi kwa kutojua kwake, lakini siku ile huilipa. Mwenye mtoto bara na amwulize kwa upole, kabla Ramadhani nyingine haijafika.

Tukaanza kuuona mji. Maseno ni mahali pa miti na mawe makubwa, na jina lake lenyewe latokana na mti uitwao oseno. Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule hapo mwaka 1906. Jaramogi Oginga Odinga alisoma katika shule hiyo na baadaye akafundisha, na baba wa Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani, naye alipita madarasani humo. Chuo kikuu ni kichanga kuliko shule: kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990, kikasimama peke yake mwaka 2001. Mji uko mpakani mwa Wajaluo na Waluhya, na kaunti za Kisumu na Vihiga zimekuwa zikiugombea. Wenyeji huongea lugha zote mbili, na wakituona sisi huongea Kiswahili chenye mwendo wa polepole, kama wanaotuvalia nguo za sikukuu.

Chuo kikifunga, mji huu hubaki kama nyumba ya arusi siku ya pili yake. Vibanda vya fotokopi vimefungwa kwa kufuli. Karatasi za kutangaza vyumba vya kupanga zimelowa ukutani na wino umechuruzika. Waendesha bodaboda hulala juu ya pikipiki zao, miguu juu ya usukani, wala hawaamki kwa mtu mmoja. Mwanamke auzaye chapati karibu na lango la chuo alituambia sasa hukanda unga wa chapati kumi na mbili tu, na tatu kati ya hizo huliwa na wanawe. Si utulivu wa starehe, basi. Kwa mgeni ni hewa safi na usingizi. Kwa wenyeji ni miezi ya kukopa. Tulijifunza kununua kidogo kidogo kwa kila mmoja badala ya kununua vyote mahali pamoja.

Asubuhi jua huwa kali. Baada ya Adhuhuri mawingu hujikusanya upande wa ziwa, na kufikia Alasiri mvua hupiga mabati kwa kishindo hata hamsikilizani. Usiku ni baridi ambayo Bibi aliiita ya majini. Tulilala watu wanne kitanda na godoro la chini, na mjomba na mtoto wakapewa chumba kitupu cha mpangaji aliyekwenda kwao. Mama mwenye nyumba, mjane Mkristo wa kanisa la jirani, hakukubali kupokea kodi ya chumba hicho. Kila usiku saa tatu alitoka na tochi kuangalia kama lango limefungwa, akapita chini ya dirisha la binti yetu, akagonga mara mbili, akajibiwa, akaenda zake. Tulimuuliza ameanza lini desturi hiyo. Akasema tangu mtoto afike. Akaongeza kwamba mwezi wa Ramadhani huwa halali tena baada ya saa tisa, kwa kuwa taa ya daku ikiwashwa naye huamka kuinjika uji wa wajukuu wake. Shangazi zake wasomao ukurasa huu, tafadhali wakisome kisa hiki mara mbili.

Chakula hakikutusumbua. Hatukumjua mchinjaji, kwa hivyo nyama tuliiacha, na samaki hahitaji kisu cha mtu. Soko la Luanda, upande wa Vihiga, lina ngege na omena, na pia mbuta, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akawala samaki wengi waliomtangulia. Bibi alikuwa amebeba nazi nne kutoka Mombasa zimefungwa katika kanga. Njia nzima tulimcheka, kwamba atazikunia nini. Alipozitoa, binti aliingiza mkono chini ya kitanda akavuta mbuzi ya kukunia, imekatika mguu mmoja na kufungwa kwa waya. Alikuwa ameinunua mwaka wa kwanza, asimwambie mtu. Siku hiyo tulikula wali wa mchele wa Ahero kwa nazi ya Mombasa na ngege wa kupaka, na sahani moja ikaenda kwa mama mwenye nyumba.

Bibi na mama walikuwa wakifunga sita za Shawwal. Jioni ya kwanza ya saumu yao huko, tukiwa tumekaa kibarazani na tende mbele yetu, simu ikalia kutoka Mombasa. Ilikuwa shangazi, na nyuma yake adhana ya mtaani kwetu, wazi kabisa, na sauti ya muadhini tunayemjua. Mbele yetu jua lilikuwa bado limekaa juu ya mikaratusi. Bibi aliisikiliza adhana yote mpaka mwisho, akaitikia, akaomba dua yake, akakata simu. Kisha akaishika tende mkononi. Hakuna aliyesema kitu. Dakika hizo ishirini na mbili tulizikaa tukijua binti huyu amezikaa peke yake jioni ngapi.

Siku ya Ijumaa tulishuka Kisumu. Wanaume walikwenda msikiti wa Jamia, na sisi tukakaribishwa Kaloleni, nyumbani kwa bibi wa yule msichana wa Mumias. Jina hilo la mtaa lilitufurahisha kabla hatujafika, maana nasi tuna Kaloleni yetu kule Kilifi. Reli ilifika hapa Desemba 1901, bandari ikiitwa Port Florence, na watu wa pwani walikuja nayo. Lakini dini ilitangulia reli. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipiga kambi kwa Wawanga, na Nabongo Mumia alisilimu, ndiyo maana Mumias hadi leo ina misikiti mingi. Bibi mwenyeji wetu alisema babu yake alitoka "pwani," bila kujua ni pwani gani. Alituandalia kaimati. Alipozionja, Bibi wetu alimwambia hazina tofauti na za Mji wa Kale, ila zina sukari pungufu, na wazee hao wawili walicheka wakashikana mikono kama waliosoma chuo kimoja.

Kuhusu kumrudisha binti, mjomba hakusema neno siku zote hizo. Siku ya Jumamosi aliuliza tu, akikoroga chai, chumba cha Awasi ni shilingi ngapi kwa mwezi.

Jumatatu tulifunga mizigo yetu na yake pamoja, tukashuka naye. Kutoka Kisumu hadi Ahero barabara hukata katikati ya mashamba ya mpunga. Mto Nyando ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na watu waliosimama darajani waliutazama kimya. Kila masika yakizidi, maji hayo huingia majumbani mwa watu wa Kano. Mchana Awasi ilikuwa mji mwingine na ule tulioukuta gizani: wanawake wa nyanya na vitunguu kando ya lami, trela za miwa zikiangusha mabua, na mbali kaskazini vilima vya Nandi vimesimama kama ukuta. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa, dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha afya. Mama mdogo alikagua choo, mama akakagua kufuli, Bibi akakagua jirani. Mjomba akalipa miezi mitatu. Kabla hatujashusha mizigo yote, binti alitoa simu yake, akapima, akatandika mkeka.

Tulikwenda kumtafuta mlinzi wetu wa kituo cha petroli. Zamu yake ni ya usiku, lakini nyumba yake ilikuwa karibu, na alikuja akiwa amevaa shati safi. Tulimpa kanga ya mkewe na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyonunua mjomba Mombasa kwa ajili yake mwenyewe. Tukamwonyesha binti yetu, tukamwambia atakuwa hapa miezi mitatu. Alimtazama, akauliza kituo kipi cha afya, akasema: "Mke wangu huenda huko kila Alhamisi. Atampita kumsalimu."

Basi la Mombasa lilituchukua kando ya barabara saa kumi na moja na nusu. Wote tulikula mchana ule isipokuwa Bibi, aliyebakiwa na siku moja ya sita zake na hakutaka kuichukua mpaka nyumbani. Tulipoanza kupanda kuelekea Kericho, simu yake ililia. Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ilikuwa Mombasa, na adhana. Akaitikia, akaomba, akakata. Basi likaendelea kupanda, jua likiwa nyuma yetu upande wa ziwa, na Bibi amefumba tende katika kiganja chake. Yapata dakika ishirini baadaye simu ikalia tena.

"Bibi," ikasema sauti kutoka Awasi, "sasa."